Mwalimu Aliyeishia Sitini

Ile barua niliandika mimi. Nimeikana kwa miaka kumi na tisa, mara chache kwa mdomo na mara nyingi zaidi kwa kunyamaza. Mtu akiitaja mbele yangu nilikuwa natikisa kichwa na kusema, "Watu wana roho mbaya jamani." Na hapo nilikuwa nasema kweli, ila sikutaja mtu.

Barua ilimhusu mwalimu wa chekechea aliyewafundisha watoto wetu, hapa Tunduma, kuhesabu kwa Kihispania. Najua inavyosikika. Sokoni kwetu mtu anaweza kukutajia bei kwa Kiswahili, Kinyiha, Kinamwanga, Kibemba na Kiingereza kabla hujafungua pochi. Kihispania hakuna aliyekiulizia. Hilo ndilo nililoliandika, kwa sentensi nzuri kuliko hii.

Jina lake sitalitaja. Nililitumia vibaya mara moja, inatosha. Watoto walimwita Mwalimu, wazazi tulimwita Mwalimu, hata muuza mkaa aliyemzidi umri alimwita Mwalimu na kuvua kofia.

Alikuwa mrefu, na alitembea mikono ikiwa imetanuka kidogo mbele, kama mtu aliyebeba beseni. Nilimfahamu kwa miaka kadhaa kabla sijajua kwamba ni kweli alikuwa amebeba beseni kwa muda mrefu wa maisha yake. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeliwa na sabuni. Akimshika mtoto shavu, mtoto alijikuna baadaye.

Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa letu. Ubao ulikuwepo, lakini aliutumia kutundikia sweta. Alifundishia kamba. Alifunga kamba ya katani kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, usawa wa vifua vya watoto, akaweka kikapu cha vibanio vya nguo na mfuko wa vitambaa. Mtoto alichukua kitambaa, akakibana kwenye kamba na kutaja namba yake. Uno. Anayefuata: dos. Tres. Kwatro. Sinko. Kuanika ndiko kulikuwa kujumlisha. Kuanua ndiko kulikuwa kutoa. Sijawahi kuona kutoa kukifundishwa vizuri namna ile, na mimi shahada yangu ni ya elimu, jambo linaloongeza aibu badala ya kuipunguza.

Asubuhi hakuita majina. Aliwatazama tu, akauliza, "Nani hajaanikwa?" Mtoto akilia alisema, "Huyu bado ameloa, mwacheni kidogo." Na walimwacha kweli, mpaka mwenyewe asogee kwenye kamba.

Vitambaa vilitoka kwa Mama Atu, mshonaji, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa kanisa. Mama Atu alimshonea mji mzima, na masalia yote ya vitenge aliyatia kwenye mfuko wa Mwalimu. Wale wawili walikuwa marafiki wa namna ambayo wengine tuliiangalia kwa wivu. Kila siku watoto wakishaondoka, Mwalimu alivuka barabara, akakaa kwenye kigoda cha Mama Atu, wakanywa chai na kutukanana.

"Mwalimu, leo umewafundisha Kirumi kingine?"

"Wewe shona. Mkono mmoja wa gauni hili umeelekea Zambia."

"Heri mimi mkono. Wewe mdomo wako wote umeelekea Ulaya."

Walicheka mpaka cherehani ikasimama.

Nilimuuliza siku moja, kwa sauti niliyotoka nayo chuoni, kwa nini Kihispania. Alikuwa anakunja vitambaa, hakuacha kukunja.

"Nikianza na moja, mbili, yule mtoto aliyetoka Ndalambo na Kinamwanga chake anajificha nyuma ya mwenzake. Nikianza na wan, tuu, mtoto wa wakala wa forodha ananyoosha kidole mpaka bega linataka kuchomoka, na wengine wanakaa kumtazama. Kihispania hakuna ambaye mama yake anakijua. Hapo wote wamefika leo asubuhi. Nawakalisha hapo wiki tatu. Wakishazoea kukosea pamoja, ndipo naleta Kiswahili."

Nilimjibu kwamba hilo halimo kwenye mtaala. Namshukuru Mungu kwamba sikusema kwa Kiingereza.

Msidhani nasimulia habari za mtakatifu. Darasani alihubiri utii wa sheria, halafu Jumamosi alivuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya panya kununua miche ya sabuni, akarudi nayo ndani ya mfuko wa mahindi huku akiwasalimia askari kwa majina ya wake zao. Aliwachapa viganja watoto waliochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kanisani kila Jumapili, akaingia kwa kunyata kama mtu aliyeanza ibada nje. Alichukia peremende, akasema zinaozesha meno, na mfukoni mwake hazikukosekana. Na kwenye jambo moja alikuwa na majivuno ya kweli: aliacha tuamini kwamba Kihispania alikisomea kwa masista wa huko Hispania, waliowahi kuwa na zahanati milimani Ileje. Hakudanganya. Mtu akisema, "Mwalimu alisomeshwa na masista," aliangalia pembeni na kulainisha sketi.

Ukweli niliujua kwa njia mbaya. Nilikwenda kwa Mama Atu kupimwa gauni, nikawa nyuma ya pazia navua blauzi, Mwalimu akaingia na kukaa. Mama Atu hakumwambia kwamba kuna mtu. Nadhani alisahau, maana mashine ilikuwa inamsumbua uzi.

"Watoto wakubwa wananiuliza baada ya sitini ni ngapi," Mwalimu alisema.

"Si uwaambie."

"Sijui."

Mashine ikanyamaza.

"Nilikuwa dobi wao, Mama Atu. Nilifua shuka za wagonjwa. Zilikuwa shuka sitini. Sista alisimama mlangoni na daftari, mimi naanika, yeye anahesabu, mpaka nikawa nahesabu mwenyewe. Shuka ya sitini na moja haikuwepo."

"Na watoto unawaambia nini?"

"Nawaambia baada ya sitini tunapumzika."

Walicheka, kisha hawakucheka. Mwalimu akasema, "Hili nimekwambia wewe tu." Mama Atu akajibu, "Na mimi nitamwambia nani, hii cherehani?" Nilibaki nyuma ya pazia na kifua wazi mpaka alipoondoka. Mama Atu alipofunua pazia alinitazama kwa macho ya kuomba, nikajiwekea kidole mdomoni kumwonyesha kwamba siri iko salama.

Kuna kisa kingine lazima nikieleze, maana bila hicho barua yangu isingefika mbali. Bibi mmoja alishuka kutoka Ileje kuja kumwona mjukuu wake, mwanafunzi wa Mwalimu. Jumapili, wakati wa maombi ya pamoja, kila mtu akiomba kwa sauti yake, yule mtoto alichoka. Akafumba macho kama alivyoagizwa, akaanza kuhesabu polepole kwa Kihispania. Bibi yake akamsikia. Alipiga magoti palepale akilia kwamba mjukuu ananena kwa lugha. Watu wakanyamaza kusikiliza. Mtoto, kwa kuona anasikilizwa, akaongeza sauti. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito, mjumbe wa kamati ya chekechea, akasimama akatoa tafsiri: Bwana anasema tengenezeni nyumba zenu, siku ziko karibu.

Mwalimu alikuwa benchi la mbele yangu, amefunika uso kwa khanga, mabega yanatetemeka. Nilidhani anaomba. Nje aliniambia, "Amesema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Lakini ile ya mzee ilikuwa nzuri zaidi."

Hakumsahihisha mtu. Ilikuwa Jumapili iliyofuata, kwenye kipindi cha watoto, mtoto mwingine aliposema kwa sauti, "Si lugha ya mbinguni, ni ya Mwalimu, hata mimi naijua," akahesabu mpaka thelathini. Kicheko kilitoka chumba cha watoto kikaingia kanisani na hatimaye sokoni. Yule mzee alicheka pia, lakini tangu siku hiyo alimsalimia Mwalimu bila kusimama.

Sasa mimi. Mwanangu Lusajo alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo na shahada yangu nikiwa naamini mji mzima unaiona. Nilimpeleka Vwawa kufanya usaili kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wakati ule bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, na shule ile ilikuwa ndiyo jambo la kuzungumzwa. Tulikuwa wazazi wanane kwenye benchi moja, mlango wazi. Mwalimu mkuu akamwambia Lusajo ahesabu. Hakusema kwa lugha gani.

Lusajo alisimama wima, akanyoosha mkono kwenye kamba isiyokuwepo, akaanza. Uno, dos, tres. Alikwenda mpaka ishirini bila kukosea, akibana vitambaa hewani. Wazazi kwenye benchi walicheka, si kwa ubaya. Mwalimu mkuu akaniangalia: "Mama, hiyo ndiyo lugha ya kwenu?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema, mtoto huyu amehesabu ishirini kwa lugha ngeni, mwulizeni sasa kwa mnayoitaka. Nilisema, "Hapana, ni huko chekechea wanawajaza upuuzi." Nilisema mbele yake. Njiani Lusajo aliniuliza, "Mama, nimefaulu?" Nilimvuta mkono tuwahi gari. Kufaulu alifaulu, majibu yalikuja baada ya wiki. Lakini kesho yake asubuhi, kabla ya majibu, niliandika.

Nilichapisha kwenye duka la kompyuta ambako hawakunijua, nikaipenyeza chini ya mlango wa mwenyekiti wa kamati. Nilisaini "Mzazi mwenye uchungu". Nilieleza kwamba watoto wa mpakani wanahitaji lugha za kuwafungulia milango, si lugha ya kuwachekesha watu kanisani. Niliona sentensi hiyo inapendeza. Nikaiona bado haitoshi, nikaongeza kwamba mwalimu huyu hata lugha yenyewe haijui, alikuwa dobi wa masista, na namba zake zinaishia sitini.

Sikufikiria ilikotoka habari hiyo. Huu ndio ukweli wa kijinga kabisa. Nilifikiria sentensi tu.

Mwalimu alipewa wiki moja ajibu kwa maandishi. Jioni ya siku hiyo alikuja kwangu na daftari la mistari chini ya kwapa.

"Mama Lusajo, wewe ndiye msomi tuliyenaye. Niandikie. Mimi nikiandika watasema ni dobi."

Niliandika. Kwa hiyo katika maisha yangu nimewahi kujibizana na mimi mwenyewe kwa barua mbili, na nikajishinda. Utetezi ulikuwa dhaifu, nami niliufanya dhaifu makusudi: niliogopa kwamba nikiandika vizuri, mwenyekiti atatambua mtindo wa barua ya kwanza. Hivyo nikaandika kama karani aliyechoka. Hoja yake ya wiki tatu, hoja bora kuliko zote nilizowahi kusikia chuoni, sikuiweka. Nilimsomea, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Sawa. Wewe unajua zaidi."

Kikao kilifanyika chumba kilekile cha nyuma. Kamba ilikuwa imeshushwa ili watu wazima wapite. Barua ya kwanza ikasomwa, watu wakanong'ona, "Huyu aliyeandika amesoma." Ya pili ikasomwa, watu wakakohoa. Kisha yule mzee wa kanisa akauliza kwa upole, "Mwalimu, ni kweli unaishia sitini? Hebu tuhesabie mpaka mia."

Alisimama. Alianza. Hakuharakisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kidogo kando ya sketi. Alipofika sitini alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, na macho yake yakaishia kwa Mama Atu aliyekuwa karibu na dirisha. Halafu akaketi.

Mama Atu alisema, "Mwalimu, wallahi—" naye alikuwa Mkristo, hajui hata neno hilo limemtokaje. Mwalimu hakumsikiliza. Siri aliyomwambia mtu mmoja ilikuwa imesomwa mbele ya watu arobaini. Mji ukamalizia: Mama Atu amemlipa mtu amwandikie. Alikuwa na darasa la saba, hakuweza kuandika vile peke yake.

Na Mama Atu alijua. Siku ile ile alinifuata nje, akanishika kiwiko. "Mama Lusajo, siku ile ulikuwa nyuma ya pazia." Nikamwambia, "Mama Atu, unanionaje? Mimi nimemwandikia utetezi!" Akaniachia. Utetezi wangu mbovu ulinitetea mimi. Tangu hapo ameendelea kunishonea nguo, na kunipima bila kusema neno.

Mwalimu aliondoka mwezi huo huo kwenda Isongole kwa mdogo wake. Walipokutana misibani, yeye na Mama Atu, watu walihama viti ili wasikae jirani.

Mwaka huu Atupele, binti wa Mama Atu, anaolewa. Alikuwa darasa moja na Lusajo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kubana kitambaa kila asubuhi. Alitaka Mwalimu akae meza kuu, upande wa mama yake. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi, kwa sababu naandika vizuri. Kamati ikaamua nipeleke kadi mwenyewe. Mama Atu alinifungia kipande cha kitenge kwenye gazeti, akasema neno moja refu: "Mwambie sina la kukiri, lakini aje."

Nilipanda gari la mtu aliyekuwa anakwenda kuchukua viazi, nikafika Isongole kabla ya saa sita. Nilimkuta barazani kwa mdogo wake, watoto kama kumi wa majirani mbele yake, wakinong'onezana Kindali. Walikuwa wanahesabu maharage. Moja, mbili, tatu. Mtoto mmoja alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake.

"Kihispania je, Mwalimu?"

"Kile kilibaki kwenye kikao."

Alinipa ugali na majani ya maboga, akaniuliza habari za Lusajo, akafurahi kwamba ni mhandisi. Mikono bado ilitanuka. Nikampa kadi. Aliisoma yote, hata jina la mchapishaji. Nikampa kitenge. Hakukifungua.

"Huyu mtoto nampenda," alisema. "Mama yake nimemwombea. Kumwombea ni rahisi, yuko mbali. Lakini nikae naye meza moja, watu wanatupiga picha, na hajaniambia hata pole? Akiri tu, Mama Lusajo. Aseme, nilimwambia fulani. Akikiri nakuja hata kwa miguu."

"Na kama hana la kukiri?"

"Basi ni nani? Mimi?"

Palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana, watoto walikuwa wamenyamaza kutusikiliza. Mtu yeyote mwenye akili angeweza kupita. Mimi niliomba maji ya kunawa.

Nyumbani nilikaa kumwandikia Mwalimu maelezo. Nikaandika rasimu tatu. Kwenye ya tatu kulikuwa na sentensi kuhusu aibu ambayo niliisoma mara mbili kwa jinsi ilivyokaa vizuri, na hapo nikajiona sawasawa na yule wa miaka kumi na tisa iliyopita. Nikafuta zote. Ilikuwa saa nne asubuhi ya kesho yake, jikoni, nina unga mikononi. Nikapiga simu Isongole.

"Mama Lusajo! Umefika salama?"

"Nimefika, Mwalimu. Ile barua hakuandika Mama Atu wala hakumtuma mtu. Niliandika mimi."

Nilisikia kuku wa mdogo wake.

"Barua ipi?"

"Ya Mzazi mwenye uchungu."

"Na ile ya kunitetea?"

"Hata ile. Niliiharibu makusudi."

Nilisikia akivuta kiti.

"Ya sitini ulisikia wapi?"

"Kwa Mama Atu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimekuja kupimwa gauni. Hakukwambia kwamba nipo."

"Lakini hakukusimulia."

"Hapana."

"Hakumsimulia mtu."

"Hakumsimulia mtu yeyote, Mwalimu."

Nikaanza kueleza. Nikaanza na Vwawa, na benchi, na ule mlango uliokuwa wazi.

"Nyamaza kwanza, Mama Lusajo." Hakuwa mkali. Alisema kama anavyomwambia mtoto anayezungumza wakati mwenzake anajibu. "Mama Atu alifiwa na mume wake. Nilikuja mpaka Tunduma, nikawapa mkono ndugu wote, nikampita."

Kwa mara ya kwanza sikutafuta sentensi.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Nitumie. Na usimpigie mpaka mimi nimalize kuzungumza naye. Sijui nitachukua muda gani."

Akakata. Nilifuta unga kwenye vidole, nikamtumia namba.